Muulize Fundi wa Studio: "Final" Ziko Tano, Wimbo Hauonekani

Maswali ya maiki na ya trei za mayai ukutani nimeyaweka kando mwezi huu. (Trei za mayai hazizuii sauti, nimeshasema, sirudii.) Barua nyingi zilizoletwa zinalia kilio kimoja: kazi za zamani zilizomo kwenye programu za kurekodia. Ama hazifunguki, ama haijulikani ipi ni ipi, ama zimejaza diski. Barua zinazofanana nimezijibu kwa pamoja, kwa hiyo usipoiona yako, jibu lako limo humu humu.

Shikamoo fundi. Natengeneza biti chumbani kwa FL Studio. Kuna wimbo wa mteja niliumaliza mwaka jana, sasa anataka turudie ubeti wa pili. Kwenye folda nakuta "final", "final2", "final mpya", "final bosi asikilize" na "final ya mwisho kabisa". Nikifungua hiyo ya mwisho kabisa, programu inadai haioni mafaili. Kiki (ngoma nzito ya chini) haipo, sauti ya mteja haipo, naona viboksi vitupu. Wimbo ndio umeenda? (Prodyuza wa chumbani, Mbagala)

Marahaba. Tulia kwanza, na usisevu chochote mpaka umalize kusoma.

Faili la FL lenye mkia wa .flp kwa kawaida halibebi sauti. Linabeba noti ulizopiga, mpangilio wa vipande, vipimo vya mixa na plagini (vijiprogramu vya ala na madoido vinavyochomekwa ndani ya programu), pamoja na anwani ya kila faili la sauti: diski fulani, folda fulani. Piga hesabu mwenyewe. Sauti ya mteja ya dakika tatu, mono, 24-bit kwa 44.1 kHz, ni karibu MB 24. Sasa tazama ukubwa wa hiyo "final ya mwisho kabisa". Huenda haifiki hata MB 3. Sauti ya mteja haikuwahi kukaa mle ndani. Iko mahali pengine kwenye kompyuta au kwenye diski yako, na FL inaitafuta kwa anwani ya mwaka jana.

Kinachoharibu anwani mara nyingi ni herufi ya diski. Mwaka jana Windows iliiita diski yako ya nje E. Leo umetanguliza kuchomeka flashi ya rafiki, flashi imechukua E na diski imekuwa F. Chomoa kila kitu, chomeka diski peke yake, jaribu tena. Ikigoma, fungua Disk Management uirudishie herufi yake ya zamani. Kama folda yenyewe ilihamishwa, nenda "Options", kisha "File settings", uongeze folda za sauti kwenye orodha ya mahali pa kutafutia. Na sauti ya mteja itafute kwenye folda yenye jina "Recorded". Ndimo FL inamotupia kinachorekodiwa usipoielekeza kwingine.

Ikishafunguka na kila kitu kinalia, nenda "File", "Export", "Zipped loop package". Hapo FL inakusanya projekti na sauti zake kwenye zipu moja inayoweza kuhama nyumba. Angalizo: plagini zenyewe haziingii humo, wala maktaba kubwa za sauti za ala zinazotumiwa na plagini kama Kontakt na wenzake. Hizo ziandike pembeni ujue zilitumika zipi.

Sasa, kati ya hizo tano, ipi ndiyo mteja aliyoikubali? Jina halitakwambia. Panga folda kwa tarehe ya kubadilishwa, kisha fungua WhatsApp ya mteja uangalie ni siku gani ulimtumia MP3 akajibu kwamba hiyo hiyo. Projekti iliyobadilishwa mwisho kabla ya saa ile ndiyo yenyewe. Ndiyo maana nimekukataza kusevu: ukifungua "final2" ukabonyeza Ctrl+S kwa mazoea, tarehe yake inakuwa ya leo, na ushahidi wako umeufuta kwa mkono wako. Nakili folda nzima kwanza, upekue ile nakala.

Kuanzia kesho neno "final" lisiingie kwenye jina la faili. Weka namba yenye tarakimu mbili na hatua mliyofikia: v03 biti, v05 sauti zimeingia, v08 miksi. FL ina njia ya mkato, Ctrl+N, inayosevu toleo jipya na kuongeza namba yenyewe. Toleo jipya lifanye pale tu unapotaka kugusa kitu ambacho huenda ukakijutia: kabla ya kurekodi, kabla ya kukatakata sauti, kabla ya kuanza miksi, kabla ya kumtumia mteja. Kila dakika kumi hakuna haja. Kazi hiyo muachie autosevu, yaani programu kujisevu yenyewe. Kisha bonyeza F11, utapata sehemu ya maelezo ya projekti. Andika humo: "v08, mteja kaomba kiki ipungue, korasi ya pili ina sauti ya kike." Mwakani utajishukuru.

Fundi, umeme ulikatika katikati ya kurekodi. Ulivyorudi, faili la Cubase likawa halifunguki tena. Kuna dawa? (Kigoma)

Ipo. Ingia kwenye folda ya projekti utafute mafaili yenye mkia wa .bak. Ni nakala ambazo Cubase huziweka yenyewe, kwa kawaida kila dakika 15 kama hujabadilisha. Chukua ya karibuni, inakili pembeni, badilisha mkia uwe .cpr, fungua. Reaper wana .rpp-bak, Ableton Live ina folda ya "Backup" ndani ya projekti, Pro Tools ina "Session File Backups", na FL Studio ina "Revert to last backup" kwenye menyu ya "File".

Shusha hizo dakika 15 ziwe tano. Na ukipata hela ya maiki ya pili, nunua UPS badala yake.

Nakala hizi za autosevu ni za projekti tu, sauti haimo, tena zinakaa diski ile ile. Diski ikifa, zinakufa nayo.

Bwana Yesu asifiwe, fundi. Mwaka 2014 kwaya yetu ilirekodi albamu kwa Cubase 5 kwenye studio moja hapa Mwanza. Studio ilifungwa, mwenyewe akatukabidhi diski yenye kazi zote. Tumempelekea kijana mwenye Cubase mpya: waimbaji wanasikika vizuri, lakini kinanda, vinubi na besi vimenyamaza kabisa. Tunachotaka ni ala tupu za kuimbia kanisani, maana mpiga kinanda wetu amehamishiwa kikazi Dodoma. (Mwalimu wa kwaya, Mwanza)

Amina, mwalimu. Mshukuruni sana huyo mwenye studio. Wengi hufunga mlango wakaondoka na diski.

Cubase 5 ilitoka mwaka 2009, enzi ambazo plagini nyingi zilikuwa za 32-bit. Kuanzia Cubase 9, iliyotoka mwishoni mwa 2016, watengenezaji wake, Steinberg, waliacha kuzipokea plagini hizo. Waimbaji wenu wanasikika kwa sababu walirekodiwa kama sauti, WAV, na WAV haihitaji plagini ili ilie. Kinanda hakikurekodiwa hivyo. Kilirekodiwa kama MIDI, yaani maelezo tu: noti ipi ilibonyezwa, kwa nguvu kiasi gani, ikaachiwa lini. Mpigaji wenu bado yumo ndani ya projekti, na vidole vyake vyote. Kilichokosekana ni kinanda cha kumpa.

Kwa hiyo mwambieni huyo kijana afungue traki ya kinanda aweke plagini yoyote ya kinanda aliyo nayo. Itapiga yale yale yaliyopigwa 2014. Rangi ya sauti itabadilika kidogo, na kwa kuimbia kanisani sioni ubaya. Kinanda cha leo huenda kikawa kizuri kuliko kile. Vinubi na besi vivyo hivyo. Ngoma ndizo zitawasumbua. Kwa mpangilio wa kawaida wa General MIDI, kiki iko noti ya 36 na sneya 38, lakini plagini nyingine zina mpangilio wao, mkajikuta tari inapiga mahali pa kiki. Hapo itabidi kuhamisha noti moja moja mpaka zikae.

Kama mnautaka mlio ule ule wa 2014, hakuna ujanja, itafutwe kompyuta ya zamani yenye Windows 7, Cubase 5 na plagini zile zile. Zipo, zimelala chini ya meza za studio nyingi. Ikishafungua kazi yenu msianze kurekebisha lolote. Toeni stemu kwanza.

Stemu nitaieleza kwa sababu barua nyingine nne zimeniuliza. Ni kuitoa kila traki peke yake kama WAV, zote zikianzia sekunde ile ile ya mwanzo, hata kama tari inaingia dakika ya nne. Ikianza hivyo, mtu yeyote, kwenye programu yoyote, akizitupia zote kwenye mstari wa mwanzo zinaoana zenyewe. Toeni kwa 24-bit. Sauti za waimbaji zitoeni mara mbili: zikiwa na mwangwi wake, na zikiwa kavu. Tempo iandikwe kwenye jina la folda. MIDI nazo zitolewe kama mafaili yake. Kiwango cha MIDI ni cha mwaka 1983 na programu za leo bado zinakisoma, jambo ambalo siwezi kuliahidi kwa projekti ya programu yoyote ile.

Ukubwa wake: wimbo wa dakika tano wenye traki 30 za mono kwa 48 kHz ni kama GB 1.3. Albamu ya nyimbo kumi, GB 13. Ni bei ya flashi moja, au mbili mkinisikiliza.

Nawaambia vijana wangu hivi hivi: projekti naitunza kwa ajili ya mwaka huu na ujao. Baada ya hapo nategemea stemu.

Asalaam aleikum. Narekodi vikundi vya taarab maharusini na kumbini, traki 24 kwa Reaper, saa tatu nzima bila kuzima. Diski ya TB 1 imejaa pomoni. Rafiki kanambia kuna kitu chaitwa "Clean current project directory" chafuta takataka chenyewe. Nikibonyeze? (Dada wa mitambo, Mombasa)

Waaleikum salaam, dada yangu. Usikibonyeze bado.

Diski yako imejaa kihalali. Traki moja ya mono, 24-bit kwa 48 kHz, inakula MB 8.64 kwa dakika. Traki 24 ni MB 207 kwa dakika, zaidi ya GB 12 kwa saa, na harusi ya saa tatu ni GB 37. TB 1 ni saa 80 tu za kazi yako.

Sasa hicho kitufe. Reaper inatazama folda, inalinganisha na projekti uliyoifungua, halafu inakuorodheshea mafaili ambayo projekti hiyo haiyatumii. Yote ni sahihi, na hatari imejificha hapo hapo. Tuseme kwenye v04 ulitumia fidla ya kwanza. Baadaye mpigaji akarudia, na v09 ina fidla ya pili peke yake. Ukiwa ndani ya v09 ukasafisha, fidla ya kwanza itaorodheshwa kama takataka. Ifute, kisha siku mwenye kikundi aseme ile ya mwanzo ilikuwa na utamu zaidi. Utafungua v04, itafunguka, jina la traki lipo, mstari upo, fidla kimya. Toleo unalo, sauti huna. Cubase nako ni yale yale kwa "Remove Unused Media".

Ukiwa umeweka harusi mbili kwenye folda moja ndio balaa zaidi. Utafungua ya Ijumaa, programu itaona mafaili ya Jumamosi hayatumiki, nayo itakuletea orodha yote ya kufutwa. Shughuli moja, folda moja, hata kama ni kikundi kile kile na ukumbi ule ule.

Ninavyofanya mimi: naamua kwanza ni matoleo gani ya zamani sitayarudia tena, na hizo .rpp zake (mafaili ya projekti ya Reaper) nazifuta zenyewe ili zisije zikanidanganya huko mbele. Halafu nafungua toleo ninalolitaka, naita ile orodha, na badala ya kufuta nahamisha yaliyotajwa kwenda folda ya pembeni. Nafungua tena projekti, naisikiliza mwanzo mpaka mwisho, nafungua na toleo jingine ninalolitunza. Mwezi ukipita hakuna aliyelalamika, folda ya pembeni naimwaga.

Kwa harusi zako, anza na yasiyohitaji hata kufikiri. Majaribio ya sauti kabla ya wageni kuingia. Maiki zilizoachwa wazi watu wakila biriani. MP3 za kusikilizisha. Mafaili ya .reapeaks, ambayo Reaper huyatengeneza tena yenyewe. Kisha geuza WAV za shughuli zilizokwisha kulipwa ziwe FLAC. FLAC inabana bila kupoteza chochote, Reaper inaisoma vizuri, na maiki ya mwimbaji anayesubiri zamu yake muda mrefu hubanwa sana kwa kuwa ukimya haupimi kitu. Usizigeuze MP3 kwa kutunza. Ya MP3 ikishakatwa hairudi.

Usiguse sauti asili za waimbaji, fidla, udi na qanuni. Miksi utairudia, mpigaji hutampata kila siku. Sehemu kubwa ya muziki wa dansi wa miaka ya 1970 tunaousikiliza hadi leo imetufikia kwa kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi na kuzitunza kanda. Na hao hawakuwa na kitufe cha kusafisha, wallahi bora.

Diski nyingine utanunua tu, haikwepeki. Lakini ukiona flashi ya TB 2 kwa bei ya sahani mbili za pilau, ipite. Ndani ina GB chache, imedanganywa ijitangaze kubwa. Inapokea mafaili yako yote kwa adabu na kuyatupa. Kabla ya kuiamini flashi au diski yoyote mpya, ijaribu kwa H2testw. Ni programu ndogo ya bure: inaijaza diski nzima, kisha inasoma kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Inachukua muda, iache usiku.

Folda yangu ya projekti iko ndani ya Google Drive, inajipandisha yenyewe. Bekapu si ndiyo hiyo? (Dodoma)

Nusu yake. Drive inaiga kinachotokea kwenye kompyuta yako, pamoja na makosa. Ukifuta huku, kule nako kunafutwa. Kitakaa kwenye kapu la taka siku 30 kisha kinaondoka. Virusi vya kufunga mafaili vikiingia, vitapanda nayo. Na hiyo GB 15 ya bure unagawana na barua pepe na picha zako, kwa hiyo albamu moja ya ile kwaya ya Mwanza ingeimaliza.

Fanyia kazi kwenye diski ya kompyuta, na wakati wa kurekodi isimamishe Drive isiwe inayanyaka mafaili yanayoandikwa. Wimbo ukifikia hatua, fungasha zipu yenye namba ya toleo, ndiyo uipandishe, na isiandikwe juu ya ile ya jana. Kifurushi kikibana, pandisha stemu za wimbo uliokamilika tu.

Hesabu inayojulikana na mafundi wengi ni nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Hiyo ya nje ya jengo ndiyo watu huiruka. Mwizi wa studio hachagui: laptopu, kadi ya sauti, diski ya nje na diski ya bekapu vyote vinaingia begi moja. Moja ilale kwa mama.

Niaje fundi. Msanii alilipia miksi, nikampa masta. Sasa anataka project yote, na anataka pia niwe nikimwekea milele, for free. Nifanyeje? (Prodyuza, Nairobi)

Poa. Mlikubaliana nini kabla? Kama hamkuandika, hapo ndipo tatizo lilipo, na mimi nikiwa huku Dar siwezi kuamua nani mwenye kazi.

Kwa anayekuja kesho, andika kwenye karatasi ya malipo vitu anavyoondoka navyo: masta, ala tupu, sauti tupu, stemu. Projekti iwe na bei yake, kwa sababu imebeba ufundi wako na plagini ulizonunua. Tena mweleze kwamba asipokuwa na plagini hizo atafungua nusu ya wimbo, na atakupigia simu usiku kukulaumu. Andika na muda wa kumtunzia. Mimi naweka mwaka mmoja, na kabla haujaisha namtumia ujumbe aje achukue. Akichukua, anasaini kwamba amepokea toleo namba fulani.

Huyu wa sasa mpe stemu mmalizane kwa amani. Ila aje na diski yake mwenyewe, maana ukimwazima yako hutaiona tena.